Sesheni Moja, Rasimu Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Fomu ya Usajili

Usuli

Taasisi inayozungumziwa hapa hutoa mafunzo ya muda mfupi kwa wafanyakazi wa mashirika mbalimbali. Jina lake, aina ya mafunzo na kila kinachoweza kuitambulisha vimeondolewa, na majina ya kurasa na vigezo yamebadilishwa. Kilichobaki ni mfumo wenyewe na yaliyoupata.

Usajili ulifanyika mtandaoni kwa fomu ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulichukua jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, simu na anwani ya barua pepe. Wa pili ulikuwa wa kuchagua kozi na tarehe. Wa tatu ulipokea barua ya mdhamini na kuonyesha ada. Wa nne ulikuwa wa kuthibitisha, kisha mtu anapelekwa kwenye tovuti ya kampuni ya malipo. Hakukuwa na kufungua akaunti, na hilo lilikuwa la makusudi: wengi husajiliwa mara moja tu, na kumtaka mtu atunge nywila ambayo hataitumia tena ni kumfukuza mlangoni.

Jambo moja la kuweka akilini: fomu nyingi hazikujazwa na washiriki wenyewe. Zilijazwa na makarani wa mashirika, karani mmoja akiwaandikisha wenzake kadhaa kwa mkupuo.

Data ilivyokuwa ikisafiri

HTTP, yaani kanuni ambazo kivinjari na seva huzungumza kwazo, haina kumbukumbu. Seva ikishajibu ombi moja, linalofuata huifikia kama la mgeni, hata likitoka kwenye kivinjari kilekile sekunde moja baadaye. Kwa hiyo kila fomu ya kurasa nyingi lazima ijibu swali hili: yaliyojazwa ukurasa wa kwanza yatafikaje wa nne? Yanaweza kubebwa kwenye anwani ya ukurasa, kwenye sehemu zilizofichwa ndani ya fomu, au yakabaki kwenye seva huku kivinjari kikishika kuki (kipande kidogo cha data kinachorudishwa kwa seva katika kila ombi) yenye namba ya kuyatafutia. Njia hii ya tatu ndiyo huitwa sesheni.

Mfumo huu, ulioandikwa kwa lugha ya PHP miaka mingi nyuma, ulitumia njia mbili za kwanza. Ukurasa wa kwanza ulihifadhi safu kwenye hifadhidata na kurudisha namba yake, na tangu hapo namba hiyo ilionekana kwenye anwani: `hatua3.php?mshiriki=4127`. Namba zilipanda moja moja. Ada nayo ilikokotolewa na JavaScript ndani ya kivinjari, ikawekwa kwenye sehemu iliyofichwa, ikabebwa hadi ukurasa wa nne na kupelekwa kwa kampuni ya malipo kama ilivyofika.

Ulifanya kazi hivyo kwa muda mrefu bila malalamiko. Lakini kukosekana kwa malalamiko hakuthibitishi chochote kuhusu usalama. Aliyesoma taarifa za mwenzake kimyakimya hapigi simu kulalamika.

Tukio la kwanza: kiungo kilichotumwa kwa wenzake

Mshiriki mmoja alifika hatua ya tatu, akaona kozi ni nzuri, akanakili anwani iliyokuwa juu ya kivinjari na kuituma kwenye kundi la wenzake kazini ili nao wajisajili. Hakukosea chochote, kwani watu hutumiana kurasa hivyo kila siku.

Wenzake walipofungua walikuta fomu imejaa: jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho chake. Baadhi walidhani ni mfano wa kujazia, wakafuta na kuandika yao. Kwa kuwa namba kwenye anwani ilikuwa ileile, kila aliyebofya "Endelea" aliandika juu ya safu ileile, na wa mwisho ndiye aliyebaki. Yule wa kwanza alilipa ada yake na kupokea uthibitisho wenye jina la mtu mwingine.

Msanidi alipojaribu mwenyewe kubadilisha 4127 kuwa 4126, alipata mtu mwingine kabisa. Udhaifu wa namna hii ni wa zamani, na unaingia katika kundi la udhibiti mbovu wa ufikiaji, ambalo OWASP, shirika la usalama wa programu za mtandaoni, waliliweka nafasi ya kwanza kwenye orodha yao ya mwaka 2021. Seva iliuliza "unataka safu gani?" bila kuuliza "wewe ni nani hata uipate?"

Tukio la pili: ada zisizolingana

Wakati hilo likichunguzwa, mhasibu alileta lake. Kuna malipo yaliyoingia pungufu ya ada ya kozi husika.

Mengi hayakuwa ya hila. Ada zilikuwa zimepandishwa, na watu waliokuwa wameacha ukurasa wazi tangu kabla ya mabadiliko walituma fomu baadaye ikiwa bado na kiasi cha zamani ndani yake. Seva ikakipokea. Lakini palikuwa pia na viasi ambavyo havikuwahi kuwa ada ya kozi yoyote. Sehemu iliyofichwa haionekani kwenye skrini, ila kila kivinjari cha kompyuta kina zana za kukagua ukurasa, na mwenye kuzifungua anaweza kuandika upya namba anayoitaka kabla ya kubofya.

Hapa ndipo kisa hiki kinapofundisha zaidi kuliko visa vya wadukuzi mahodari. Mtu mwema aliyechelewa na mtu mjanja aliyebadilisha namba walipita kwenye tundu lilelile. Thamani ilitoka kwenye seva, ikakaa mikononi mwa mtu mwingine, ikarudi, na seva ikaipokea kana kwamba haijawahi kutoka.

Uamuzi wa kwanza, na kwa nini

Njia tatu zilijadiliwa.

Ya kwanza ilikuwa kutumia vitambulisho virefu vya nasibu badala ya namba zinazopanda. Ingezuia kubahatisha, lakini isingezuia tukio la kwanza hata kidogo: kiungo kilichotumwa kundini kingefunguka vilevile.

Ya pili ilikuwa kutia saini thamani zilizofichwa kwa HMAC, yaani muhuri unaokokotolewa kwa ufunguo wa siri wa seva, ili seva igundue ikiwa zimeguswa. Wazo si baya, ila lina mipaka. Saini huthibitisha kwamba thamani tuliitoa sisi. Haithibitishi kuwa bado ni ya leo, wala kwamba ni ya fomu hii. Ukitia saini ada peke yake, mtu anaweza kunakili ada ya kozi rahisi pamoja na saini yake halali na kuipachika kwenye kozi ghali. Inabidi utie saini ada, kozi, fomu na muda kwa pamoja, na ukifika huko utajiuliza kwa nini ada inasafiri hata kidogo wakati seva inaijua.

Ya tatu ilikuwa kuhamishia kila kitu kwenye sesheni. Ndiyo iliyochaguliwa. Sababu zilikuwa za kweli: data za watu zilikuwa wazi wakati ule ule, PHP ina sesheni tayari, na msanidi aliijua. `$_SESSION['mshiriki']`, `$_SESSION['kozi']`, na ada ikaanza kusomwa kutoka hifadhidata wakati wa kuthibitisha. Namba ikatoweka kwenye anwani. Kama hatua ya dharura, naitetea.

Aliyepitia mabadiliko hayo alikamata jambo ambalo lingeyabatilisha yote. Faili la mipangilio lilikuwa la zamani na lilikuwa limezima `session.use_only_cookies`, ambayo kwa kawaida huwa imewashwa tangu PHP 5.3. Maana yake, namba ya sesheni ingeweza kupokelewa kupitia anwani, na `session.use_trans_sid` iliyokuwa imewashwa ingeipachika kwenye viungo vyote kwa mtu asiyekubali kuki. Mtu wa aina hiyo akituma kiungo kundini angekuwa anagawa sesheni yake nzima, si safu moja. Mlango huohuo humruhusu mshambuliaji kumtumia mtu kiungo chenye namba ya sesheni aliyoichagua yeye, akasubiri aitumie. Mipangilio yote miwili ilirekebishwa, `session.use_strict_mode` ikawashwa ili seva ikatae namba ambazo haikuzitoa, na `session_regenerate_id(true)`, inayobadilisha namba ya sesheni, ikawekwa pale mtu anapoanza usajili. Kuki ikapewa vizuizi vitatu: `HttpOnly` (isisomwe na JavaScript), `Secure` (isafiri kwa HTTPS tu) na `SameSite=Strict` (isiambatane na maombi yanayoanzia tovuti nyingine).

Tukio la tatu: kozi zilizopandana

Malalamiko yakatulia. Kisha kozi zikaanza, na watu wakafika kwenye madarasa yasiyo yao.

Karani mwenye watu watatu wa kuandikisha alikuwa akifungua vichupo vitatu, anajaza ukurasa wa kwanza wa kila mmoja, kisha anarudi kwenye kila kichupo kumalizia. Vichupo vya kivinjari kimoja hutumia kuki moja. Kuki moja ni sesheni moja. Ndani ya sesheni kulikuwa na `mshiriki` mmoja tu, naye ni yule aliyejazwa mwisho. Karani aliporudi kichupo cha kwanza na kuchagua kozi, aliichagulia mtu wa kichupo cha tatu. Mmoja aliandikishwa mara mbili, mwingine hakuandikishwa kabisa.

Chini ya mfumo wa zamani, wenye namba kwenye anwani, kosa hili lisingetokea, kwa kuwa kila kichupo kilibeba namba yake. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ndiyo iliyoleta huu. Na huu ulikuwa mbaya zaidi kwa namna moja: haukuonekana. Taarifa zilikuwa sahihi, watu walikuwa wa kweli, ada zilikuwa kamili. Ni muunganiko wao tu uliokuwa wa uongo.

Kukawa na kosa la pili ndani yake. Karani anafika hatua ya tatu, anaenda kutafuta barua ya mdhamini, anarudi baada ya chakula cha mchana, anabofya, na mfumo unahifadhi usajili wenye nafasi tupu. Kwa mipangilio ya kawaida, PHP huhesabu data ya sesheni kuwa taka baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24. Lakini ufagio haupiti kila mara. Kwa kawaida hupita kwa bahati, kadiri ya mara moja katika kila maombi mia, na kwenye baadhi ya seva kazi hiyo huachiwa programu nyingine inayozinduliwa kwa ratiba. Ndiyo maana msanidi alipojaribu kuiga tatizo mezani kwake alisubiri nusu saa na kila kitu kikafanya kazi. Kwenye seva yenye watu wengi, sesheni ile ile ingekuwa imefagiwa.

Tatizo la tatu lilitoka kwenye `SameSite=Strict`. Mtu aliyelipa na kurudishwa kutoka tovuti ya kampuni ya malipo aliambiwa sesheni yake imekwisha, ingawa amelipa sasa hivi. Kuki yenye `Strict` haiambatani na ombi lolote linaloanzia tovuti nyingine, hata mtu anapofuata kiungo cha kawaida. Wengine walilipa tena.

Uamuzi wa pili

Safari hii timu ilianza na swali ambalo nadhani lingetakiwa kuulizwa siku ya kwanza: ni nini hasa kinachosafiri? Vilikuwa vitu viwili, na mfumo ulikuwa umevichanganya mara mbili kwa njia mbili tofauti. Kimoja ni *nani anazungumza*, yaani kivinjari hiki. Kingine ni *anazungumzia nini*, yaani fomu hii mahususi kati ya fomu alizofungua. Anwani ya zamani ilijibu la pili na kupuuza la kwanza. Sesheni ikajibu la kwanza na kumeza la pili.

Ikaundwa jedwali la rasimu. Kila anayeanza usajili hupata safu mpya yenye ufunguo wa nasibu kutoka `bin2hex(random_bytes(16))`. Sesheni inabaki na kitu kimoja: thamani ya nasibu inayomtambulisha mmiliki. Kila ukurasa unatuma ufunguo wa rasimu, na seva inaitafuta kwa masharti yote mawili:

```
$q = $db->prepare('SELECT * FROM rasimu
   WHERE ufunguo = ? AND mmiliki = ? AND mwisho > NOW()');
$q->execute([$_POST['rasimu'] ?? '', $_SESSION['mmiliki'] ?? '']);
$rasimu = $q->fetch();
if (!$rasimu) {
    header('Location: /anza', true, 303);
    exit;
}
```

Mmiliki hakufanywa kuwa namba yenyewe ya sesheni, kwa sababu namba hiyo hubadilika kila `session_regenerate_id` inapoitwa na rasimu zote zingebaki yatima. Ni thamani iliyo *ndani* ya sesheni, nayo huhama pamoja nayo.

Sasa vichupo vitatu ni rasimu tatu za mmiliki mmoja. Na kiungo kikitumwa kundini, ufunguo uliomo haumfai asiye na kuki: anapelekwa mwanzo wa fomu mpya, jambo ambalo ndilo mtumaji alilolitaka tangu awali.

Kila hatua huweka alama kwenye rasimu baada ya data kukaguliwa kwenye seva, na hatua ya nne haikubaliki mpaka alama tatu ziwepo. Ukaguzi wa JavaScript uliachwa kwa ajili ya kumsaidia mjazaji, si kwa ajili ya kumwamini. Ada inasomwa wakati wa kuthibitisha. Ikiwa imebadilika tangu ukurasa wa tatu, mtu anaonyeshwa kiasi kipya na kuombwa akubali upya badala ya kushtukizwa. Rasimu moja huzaa usajili mmoja tu, na hilo linalindwa na hifadhidata yenyewe kwa sharti la upekee, kwa hiyo anayebofya kitufe mara mbili hapati nafasi mbili. Baada ya kila POST (ombi la kutuma fomu) seva hujibu kwa 303 (agizo la kufungua ukurasa mwingine), ili kupakia ukurasa upya kusitume fomu tena. Kila fomu ina tokeni, yaani thamani ya siri, ya kuzuia maombi ya kughushi yanayotumwa kutoka tovuti nyingine, inayolinganishwa kwa `hash_equals`. Muda wa rasimu ni siku mbili, hivyo barua ya mdhamini inaweza kutafutwa kwa utulivu, na maisha ya sesheni yakarefushwa yalingane nao.

Kuki ikashushwa kuwa `SameSite=Lax`, ambayo huruhusu mtu kurudi kwa GET (ombi la kufungua ukurasa tu) kutoka tovuti nyingine lakini huzuia POST za kutoka huko. Ilibidi kampuni ya malipo iombwe irudishe watu kwa GET. Muhimu kuliko hilo, mfumo uliacha kuamini neno "imelipwa" lililokuja kupitia kivinjari. Seva sasa inaiuliza seva ya kampuni moja kwa moja, na kurudi kwa mtu ni ishara tu ya kumwonyesha ukurasa wa asante.

Kurasa zenye taarifa binafsi zikapewa `Cache-Control: no-store`, agizo la kukikataza kivinjari kuhifadhi nakala, kwa kuwa makarani wengi hushiriki kompyuta moja. Logi za zamani za seva, yaani kumbukumbu za maombi, zilizojaa anwani zenye `mshiriki=`, zilifutwa; vilevile data iliyokuwa imeshatumwa kwa huduma ya nje ya kuhesabu wageni, ambayo ilipokea anwani hizo kamili kwa miaka yote hiyo. Hili lilisahaulika kwenye marekebisho ya kwanza.

Kazi hiyo ikaibua pia dosari ya pembeni. Majina yenye ng' yalikuwa yakikatika kwenye ukurasa wa nne. Thamani ziliandikwa kwenye HTML ndani ya alama moja ya nukuu, na `htmlspecialchars`, inayogeuza alama maalumu zisisomwe kama HTML, kabla ya PHP 8.1 haikuigusa alama hiyo isipoambiwa. Aliyedhani ni tatizo la majina marefu alikuwa akitazama tundu ambalo msimbo wa mtu mwingine ungeweza kupita. `ENT_QUOTES`, inayoiambia hivyo, ikaongezwa kila mahali.

Matokeo

Kozi hazikupandana tena. Malipo pungufu yalikoma, ya wema na ya hila kwa pamoja. Walioathirika na tukio la kwanza waliarifiwa, ingawa taasisi ilichelewa, kwa sababu logi hazikuweza kuonyesha nani alisoma nini, zilionyesha tu namba ipi ilifunguliwa na kifaa kipi.

Uchambuzi

Kilichofaulu mapema ni uamuzi mmoja mdogo ambao haukupewa uzito wakati ule: kuiondoa ada kwenye safari. Haukuhitaji kuguswa tena katika awamu ya pili. Thamani ambayo seva inaweza kuijua yenyewe haina sababu ya kutumwa nje, na ikishabaki ndani, maswali yote ya saini na usimbaji hayapo.

Kilichoshindwa si sesheni. Ni dhana kwamba "salama" na "sahihi" ni kitu kimoja. Majaribio ya awamu ya kwanza yalifanywa na msanidi mmoja, kichupo kimoja, mshiriki mmoja, bila kusimama njiani. Yalipima kama mgeni anaweza kuona data, na jibu lilikuwa hapana. Hakuna aliyeuliza kama mwenye haki ya kuiona anaweza kuivuruga bila kujua. Makarani walijulikana tangu siku ya kwanza. Walikuwemo hata kwenye maelezo ya mfumo. Hawakuwemo kwenye majaribio.

`Strict` nayo ilichaguliwa kwa jina lake tu, kwa kuwa ni kali zaidi, bila mtu kufuata njia nzima ya mtumiaji hadi nje ya tovuti na kurudi. Hapa nina ukali kidogo kuliko timu yenyewe ilivyojihukumu: mpangilio wa usalama uliosababisha watu walipe mara mbili haukuwa tahadhari iliyozidi. Ulikuwa kosa la kawaida la programu.

Suala moja limebaki bila kufungwa. Rasimu imefungwa kwenye kuki, kwa hiyo karani aliyeanza kwenye kompyuta ya ofisi hawezi kumalizia kwenye simu. Limependekezwa suluhisho la kumtumia barua pepe yenye kiungo cha matumizi ya mara moja kitakachohamisha umiliki wa rasimu kwenda kifaa kipya. Timu imelikataa kwa sasa, kwa hoja kwamba anwani ya barua pepe huandikwa ukurasa wa kwanza bila kuthibitishwa, na herufi moja ikikosewa kiungo hicho kitamfikia mtu mwingine na kumfungulia rasimu yenye namba ya kitambulisho ndani yake.